Nyumba Ambayo Bado Haijalaliwa

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Nimeficha mambo mawili, na zimebaki siku sita turudi Uingereza. Bora niyaandike kabla mkono haujakataa.

La kwanza. Mwezi wa Machi daktari wangu wa Coventry alinipa barua. Saratani ya kongosho. Akaniambia, kama kuna safari ninayoitaka, niifanye sasa – kwa sauti ya mwenye duka anayetaka kufunga. Barua nimeichomeka ndani ya jalada la Biblia. Mke wangu Anjeline hawezi kuiona. Yeye siku hizi husoma Neno kwenye simu.

La pili ni baya zaidi, maana la kwanza sikulifanya mimi. Mdogo wangu Opolot amenijengea nyumba kijijini kwetu Kwapa, Uganda, ndani ya boma la marehemu baba. Matofali ya kuchoma, vyumba viwili, jiko la nje, mabati ya bluu. Inatungoja tangu tulipofika, mwisho wa Mei. Desturi yetu ni fupi. Usiku wa kwanza mwenye nyumba na mkewe walale humo, na mke awashe moto jikoni kwa mkono wake. Basi! Tangu hapo hilo ni boma lako, na siku ukifa kaburi linachimbwa ubavuni mwa nyumba. Hakuna rufaa. Usipolala, wewe ni mgeni aliyepita. Na nyumba yenyewe haiwezi kulalwa na mtu mwingine – inabaki imesimama tu, kama swali.

Mimi sitaki kulala.

Ndiyo maana miezi mitatu hii, likizo ndefu kuliko zote tulizowahi kuchukua, tumekaa gesti mjini Tororo, chini ya jabali, chumba namba saba, chenye bomba la maji ya moto linalotoa maji baridi. Opolot nilimwambia: Anjeline ana mgongo, hawezi kijijini. Anjeline nilimwambia: wazee wa ukoo hawajatoa ruhusa, tungoje. Uongo mmoja kwa ndugu, mwingine kwa mke. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sijui kujumlisha.

Naandika Kiswahili kwa usalama. Opolot husoma Kiteso na Kiingereza. Kiswahili kwake ni cha kununulia ng'ombe. Kwangu na Anjeline ndiyo lugha yetu ya ndani. Mimi Mteso, yeye Msamia – tumegombana kwa Kiswahili miaka hamsini na mmoja.

Leo Alupo, mke wa Opolot, amepiga simu, na Kiswahili chake kilekile cha sokoni. Shemeji, hii nyumba nalia. Hata kuku nakataa kuingia. Nikamtajia mgongo. "Mgongo ya nani? Juzi nimeona yeye nabeba ndizi, mkungu mzima!"

Nikasema mtandao ni mbaya. Nikakata.

Jumanne, 19 Agosti

Busia, kumuaga Rasto, kaka yake Anjeline. Anakaa upande wa Kenya.

Pale mpakani binti wa uhamiaji alifungua pasipoti zetu akatabasamu. Mzee, hii viza ni ya watalii. Mmeona wanyama? Nikamwambia nimeona ndugu zangu. Alicheka mpaka akagonga muhuri kichwa chini miguu juu. Nimezaliwa mwendo wa baiskeli moja kutoka meza yake, na sasa serikali mbili zinanihesabu pamoja na wanaokuja kupiga picha za tembo. Wana haki. Mtalii ni mtu mwenye tiketi ya kurudi.

Rasto alikuwa wakala wa malori ya mizigo mpakani. Amestaafu, lakini bado anaongea kama mtu anayemzuia dereva asiondoke. Mkewe Winfred alitupa samaki na ugali wa wimbi. Nilikula vijiko viwili vya mchuzi nikasifu kama niliyekula samaki mzima. Nimekuwa stadi wa hilo.

Kisha Rasto akafuta mikono.

"Shem, hebu nikuulize. Watu wa Kwapa wanasema sista yangu ameringa. Ati mgongo. Mgongo gani? Huyu alikuwa anabeba maji kutoka mto Sio na bado anacheza mpira wa kati njiani!"

Ninyi watu wa mpakani mnaovusha unga, saruji na mayai kila siku – kumbe hata uongo wangu mmeuvusha!

Anjeline aliweka tonge chini. Akanitazama. Nikatazama kalenda ya kanisa ukutani. Nilijua anachokwenda kusema, nikakisubiri kama mwizi anayesubiri mlio wa filimbi. Akasema: "Ulinisumbua kidogo, kaka. Umepona."

Alinifunika. Mbele ya ndugu yake mwenyewe, akajivika aibu yangu, kisha akaokota tonge lake akaendelea kula.

Njiani kurudi alisema sentensi moja tu. "Mgongo wangu uliuma lini, Baba Sydney?"

Nikahesabu malori yaliyopanga foleni. Nilifika arobaini na moja.

Jumatano, 20 Agosti

Ngazi za gesti ni kumi na moja. Nimepumzika mara mbili. Anjeline amefungasha tangu asubuhi. Siagi ya karanga, simsim, dagaa wamefungwa nailoni tatu ili mbwa wa forodha wasitudhalilishe kama mwaka ule. Amefungasha sanduku moja tu. Langu. Amekasirika – ana haki.

Kwa kuwa hakuna anayesema nami, niseme hapa.

Kule Coventry mimi ni mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana. Miaka ishirini na miwili. Kazi yetu: mtu wetu akifa ughaibuni, arudishwe kwao. Nimerudisha maiti thelathini na moja. Nimesimama mbele ya masanduku thelathini na moja na kusema maneno yaleyale: mtu si mwavuli wa kusahauliwa kwenye basi la watu. Wanawake walilia. Mimi mwenyewe nililia mara mbili. Kuna familia ya Mzee Omaido iliyotaka kumzika kulekule, karibu na wajukuu. Niliwaendea jioni tatu mfululizo mpaka wakalegea. Mjane alinibusu mkono. Siku nyingine alinipita barabarani bila salamu, na sikushangaa.

Na mwezi wa Aprili, wiki tano baada ya barua ya daktari, nilipanda basi namba kumi na nne, nikaenda ofisi ya makaburi ya manispaa, nikachagua langu. Karibu na uzio. Barabara kuu inasikika.

Nimeandika. Kalamu haikuvunjika.

Sydney, mwanetu, yuko Calgary. Yeye angesema, Dadi, do what you want. Ndiyo shida ya kulea watoto vizuri – hawakukatazi kitu.

Alhamisi, 21 Agosti

Kwapa, sherehe ya kutuaga. Chungu cha pombe ya wimbi katikati, wazee tisa, mirija tisa. Wangu nilipewa mrefu kuliko wote, kwa heshima. Nguvu ya kuvuta sikuwa nayo. Nilishika mrija mdomoni nikavimbisha mashavu. Mtu akinitazama usoni angedhani nakunywa kwa wawili.

Kwa ajili ya Anjeline waliongea Kiswahili – Kiswahili cha Kwapa, kinachokata kona. Opolot alisimama. Ananiita Professa. Nilifundisha sekondari, sijamsahihisha tangu mwaka wa sabini na saba. Alisema kaka yake ndiye aliyerudisha watu nyumbani, mmoja baada ya mmoja, hata Wacholi, hata mtu wa Petta ambaye si wa kabila lake. Kisha akatoa simu – wana video! – na hotuba yangu ikatoka mbele ya wazee wote. Mtu si mwavuli! Wazee wakapiga makofi. Nilijisikia jinsi nilivyo na sauti nzuri. Nilitamani kumzaba kofi yule mzee wa kwenye simu.

Baadaye Opolot akanishika mkono, akanipeleka ubavuni mwa nyumba. Kushoto kaburi la baba, la saruji. Karibu yake nyasi zimefyekwa vizuri, mraba, na pembe zimewekwa mawe.

"Sisi hapana kuombea wewe kufa, Professa," akasema. "Lakini nyasi tumekata."

Angekuwa mjinga ningeweza kumcheka kwa raha. Lakini alikuwa amepima kwa kamba. Alisema alilala hapo mwenyewe chini ili ajue kama nitatosha, kwa kuwa tunalingana. Sasa mtu wa namna hiyo unamwambia nini? Nikamwambia mawe yamepangwa vizuri.

Tuliporudi Alupo alikuwa ameshaanza. "Dada, mgongo nasemaje leo?" Wanawake wakacheka kwenye viganja. Anjeline akasimama. Ana miaka sabini na minne, na akisimama hivyo hata kuku hutawanyika.

"Mgongo wangu ni mzima, haujawahi kuuma. Jumamosi mimi na mume wangu tunalala kwetu."

Vigelegele! Alupo alimrukia shingoni. Opolot alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mimi mate yalinipalia, na wazee wakanipiga mgongoni, wakasema ni furaha.

Ijumaa, 22 Agosti

Asubuhi nikaamua kumwambia. Nilikuwa nimeandaa utangulizi. Mama Sydney, kuna barua –

"Ya kongosho," akasema. Alikuwa anakunja soksi zangu.

Nesi miaka thelathini na minne. Alisema alijua tangu Pasaka, kabla hajaiona barua yoyote, kwa rangi ya macho yangu na jinsi ninavyosifu chakula nisichokula. "Unadhani umeficha? Umejificha wewe tu."

Alisema nilipotaka likizo ya miezi mitatu akaelewa: mzee anakwenda kulala kwao. Akafurahi. Alitumia hilo neno. Koti lake la baridi alilitoa kwa duka la hisani mwezi Mei. Aliwaaga wanakwaya. Funguo zake za nyumba aliziacha kwa jirani. Halafu tukafika hapa, na akaniona ninalipa gesti wiki kwa wiki, akangoja niseme. Wiki kumi na mbili akangoja.

Ndiyo maana sanduku ni moja. Langu amelifungasha ili nione safari inaandaliwa, nisijue kwamba yeye harudi.

"Nimezeekea baridi ya watu kwa ajili yako, Baba Sydney. Sasa nataka kukaa mahali ambapo nikisema 'aii' Rasto anasikia. Wewe ulale hapa, mimi nikutunze hapa, na ukimaliza nikae hapa karibu. Ni mbaya?"

Si mbaya. Nikasema si mbaya. Akanibusu kwenye upara, akaenda kununua kiberiti.

Sikumwambia la Aprili. Alikuwa mchangamfu mno. Ningewezaje? – hapana. Ningeweza. Dakika mbili zingetosha.

Jumamosi, 23 Agosti. Saa kumi na moja jioni

Naandika kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba. Opolot anadhani naandika wosia. Amewanyamazisha watu wote. Heshima ya kalamu!

Kitanda kilikuja kwa bodaboda, kimesimama wima nyuma ya dereva kama abiria mwenye haraka. Godoro likafuata. Alupo amepanga kuni jikoni, kavu, za kuwaka kwa njiti moja – hataki bahati mbaya. Rasto na Winfred wamevuka kutoka Busia na kuku wawili. Kila mtu amekuja kutazama wazee wawili wakienda kulala. Vijana wangeona haya.

Saa kumi na nusu Anjeline alitoa kiberiti. Nikamwita. Nikamwambia, ngoja. Tukasogea kando, pale penye mawe manne, maana ndipo mahali pekee pasipokuwa na watu.

Nikasema yote. Ofisi ya makaburi, uzio, sahihi yangu. Nikasema sitaki kuzikwa hapa. Hakulia. Aliuliza kwa nini, kama anavyomuuliza mgonjwa maumivu yako wapi.

Nilikuwa na majibu. Kwamba hapa nimeishi miaka thelathini na mmoja na kule arobaini na minane. Kwamba hapa watu wanampenda Professa, mtu ambaye hajawahi kuwepo. Kwamba nimechoka hotuba, na hotuba ya kwanza itakayosomwa juu yangu ni yangu mwenyewe, kutoka kwenye simu ya Opolot. Majibu mazuri. Kilichotoka mdomoni ni: "Kule nimezoea."

Anjeline akacheka. Kweli, alicheka! Kile kicheko cha wodini, cha kumpa mtu moyo wakati wa sindano. Akasema basi, amekwisha kutoa koti, na ulimi wake umekwisha kuaga wanakwaya, lakini kanisa litampa koti jingine. Kama ni kule, na iwe kule. Alisema hivyo! Dakika moja tu aliitupa Busia, Rasto, jiko, kila kitu. Alikuwa hata ameanza kurudisha kiberiti kwenye pochi.

Kisha akauliza swali. Kwa upole, kama mtu anayepanga viti. "Hilo kaburi ni la watu wangapi?"

Opolot alikuwa anaita, Professa, jua naenda! Nikajibu swali la mke wangu.

Akatoa kiberiti tena. Akapita mbele ya watu wote, akainama mlangoni mwa jiko, akaingia peke yake.

Sasa moshi unatoka. Alupo anapiga vigelegele, hajui. Rasto anacheza kwa goti moja, lile lenye nafuu. Opolot ameufungua mlango wa nyumba na kuushikilia kwa mguu, kofia mkononi, ananingoja. Gari la kwenda uwanja wa ndege Entebbe litafika alfajiri. Watu wamegeuka wananitazama.

Sijaandika nilichomjibu. Naandika. Karani wa makaburi aliniuliza mara mbili kama nina mke, maana kule wawili huweza kuzikwa kaburi moja. Nikasema ninaye. Nikachukua la mtu mmoja.