Farasi Wana Majina, Bibi Hana

Jumamosi, 21 Februari 2009

Theluji imegeuka tope, miguu imevimba, na nina hasira tangu mchana. Ukinikuta leo usiniulize hali. Sina hali.

Naandika kwa sababu nikiongea nitamrarua mume wangu. Mwenyewe amejificha jikoni, anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Tunatarajia mtoto wa kike. Kwetu Wachaga hapo hakuna mjadala: binti wa kwanza huchukua jina la bibi yake mzaa baba. Mama yangu ananipigia kutoka Marangu kila Jumapili kuhakikisha desturi hiyo sijaipoteza huku Kanada. Mama mkwe wangu, Mmarekani mweusi, anaitwa Loretta. Jina zuri. Nikajua kazi imekwisha.

Kumbe wapi. Mama Loretta alikataa. Alisema jina lile hakupewa na mama yake. Alipewa na mwanamke wa Kizungu ambaye mama yake alikuwa akimfanyia kazi za ndani huko Kentucky, na hataki mjukuu wake alirithi. Akaomba mtoto apewe jina la bibi yake yeye, yule aliyemlea. Shida ni kwamba hilo jina halijui. Wajukuu wote walimwita Bibi tu, akafa wakiwa wadogo, na kaburi halikuwekewa jiwe. Anachojua ni kwamba bibi alikuwa wa kina Tarrowby, kama yeye mwenyewe kabla hajaolewa.

Basi mimi na kiherehere changu nikasema nitalitafuta.

Leo nikaenda maktaba kubwa ya mjini, kwenye vile vitabu vya rejea visivyoazimwa, unasomea hapo hapo. Mkutubi, dada mmoja mpole, akanipeleka kwenye rafu ya Wamarekani. Nilishangaa. Kuna vitabu vya kukuelekeza kumbukumbu za kila wilaya zimehifadhiwa ofisi gani, kuna vya nani alimwoa nani, kuna vya nani kazikwa wapi. Watu hawa wamejiandika jamani. Na chini ya wilaya aliyozaliwa Mama Loretta, kitabu kinene kimesimama peke yake: historia ya ukoo wa Tarrowby.

Nilifurahi mpaka mtoto akageuka tumboni.

Kwetu ukiitwa Mushi, wewe ni Mushi. Ukikutana na Mushi mwingine, hata iwe kwenye foleni ya uwanja wa ndege, mtaulizana mmetoka kwa nani, na kabla foleni haijasogea mmoja wenu ameshakuwa shangazi. Jina la ukoo ni damu. Sikujua kama kuna njia nyingine ya kulipata.

Sikufika hata kwenye picha. Nilifungua faharasa tu nyuma, nikaona kina Tarrowby wamejaa, nikatoka hadi koridoni kumpigia Mama Loretta. Nikamwambia, Mama, nimewapata ndugu zako, wamejaza kitabu kizima.

 Akaniambia taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa: "Mwanangu, hao si ndugu zangu. Hao ndio waliokuwa wakitumiliki, tukabaki na jina lao."

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikarudi mezani nikakisoma kitabu vizuri. Kila Tarrowby yumo, na mkewe, na hata viti vya sebuleni kwake, na ugonjwa uliomuua. Farasi wao wana majina. Farasi! Wamepewa sura nzima ya kitabu: yupi alimzaa yupi, rangi gani, alishinda mbio zipi. Mbwa wa kuwindia ana picha. Waliolima lile shamba, waliopika, walionyonyesha watoto wa watu wakaacha wao wanalia, wamepata sentensi moja. Kwamba familia ilikuwa na watumwa kadhaa, na iliwatendea vyema.

Iliwatendea vyema! Na hata jina moja hamkulikumbuka?

Nilikifunga kwa kishindo. Mzee mmoja akanitolea macho. Nikamtolea na mimi, akarudi kwenye gazeti lake.

Marcus, mume wangu, alikuja kunichukua na gari. Nikamsimulia. Unajua alisema nini? "Nilidhani unajua." Ningejulia wapi, shule ya msingi Marangu? Miaka yote hii nalala na mtu huyu, nimekaa na mama yake, nimekula kwao, na hakuna aliyenieleza jina lile lilitoka wapi. Ameniacha nimpigie mama yake simu ya furaha kumtangazia mabwana zao. Anasema kwao mambo hayo hayazungumzwi. Nikamwambia anyamaze basi, si ndiyo kazi anayoiweza.

Tukapitia Downsview kwa Mama Loretta. Alikuwa amekaa mbele ya televisheni, sauti kaizima. Niliingia na nia ya kumwomba radhi. Mdomo ukafunguka zikatoka habari za farasi.

"Farasi wote wana majina?" akauliza.

Nikamwambia wote. Akacheka kicheko kikavu, akasema basi, tumpe mtoto jina lolote tunalotaka, nisijisumbue tena.

Hapo nikachemka. Binti wa Kichaga hamfokei mama mkwe, mama yangu angesikia angelala na presha. Lakini nilimfokea. Nikamwambia, Mama, kwetu bibi haombwi ruhusa. Wamelipoteza jina la bibi yako, na lako unataka uwaachie? Yule mwanamke wa Kizungu alilitamka tu. Wewe ndiye uliyekesha nalo wodini ukiuguza wagonjwa, ukamlea nalo Marcus. Mtoto wangu ataitwa Loretta.

Marcus akaangalia viatu vyake.

Mama Loretta akazima televisheni. Kisha akanishika mkono, akasema sawa. Ila nimwahidi jambo moja: mtoto asije akaambiwa habari za yule mwanamke, wala za kitabu kile. Alie na mambo yake, si na haya.

Nikaahidi. Nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa analia. Nani angekataa?

Lakini tangu tumerudi sikai nikatulia. Hivi si ndivyo alivyomfanyia Marcus? Kwa huruma hiyo hiyo, mpaka mtoto akakua hajui pa kuanzia kumweleza mkewe. Bibi yule aliyemlea naye pengine alinyamaza kwa huruma, akaondoka na jina lake. Kile kitabu kimetunyima, sikatai. Na sisi je?

Kesho nitarudi Downsview kumwambia Mama Loretta kwamba ahadi ile siiwezi. Atakasirika, najua. Loretta wangu ataambiwa yote, na siku atakayolia kwa hasira nitakuwa nimekaa pembeni yake, siyo jikoni.