Ushuhuda Niliotanguliza

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesema uongo. Au sijui niuite nini.

Ilikuwa saa ya chai. Tulikaa juu ya mabunda ya mashuka machafu kama kawaida, maana viti vyote viwili vimevunjika na hospitali haina haraka na makalio ya wafuaji. Nikaanza kuwaambia habari za Yesu. Mwaka huu nilijipa ahadi: kila wiki mtu mmoja. Tumeingia mwezi wa tatu, sijapata hata nusu mtu. Mama wa mashine ya kukamua maji akasema asante, yeye ana dini yake, ya pili hana pa kuiweka. Sawa. Kona akacheka mpaka chai ikampalia.

Kona ndiye ninayekunja naye. Mwaka wa nne sasa, yeye upande ule wa shuka, mimi upande huu. Tulimpa jina hilo kwa kelele zake — shika kona, wewe, kona! — kana kwamba shuka lina kitu kingine cha kushika. Anasema yeye na Mungu waliachana zamani, kwa amani, hakuna aliyegombea watoto.

Akaniuliza mbele ya wote: wewe huyo Mungu wako amekufanyia nini? Miaka sita hujaona kwenu. Mikono imepasuka kwa dawa, utadhani ngozi ya mamba. Taja kitu kimoja. Kimoja tu!

Nikatafuta. Haki ya Mungu nilitafuta. Wote macho kwangu. Nikasema: binti yangu alikuwa hawezi kutembea. Tuliomba. Sasa anatembea.

Hata Kona aliweka kikombe chini.

Kifaranga wangu hatembei. Ana miaka saba na anatambaa.

Jumanne, 4 Machi

Nijieleze, japo hakuna anayeniuliza.

Jumapili tunaabudu watu kumi na tano kwenye chumba cha shule. Kiongozi wetu ni fundi viatu. Anatufundisha hivi: usiseme unachokiona, sema unachokiomba. Tanguliza ushuhuda, baraka itafuata nyuma kama mkia. Kwa hiyo kuna dada hana mtoto, kila wiki anasimama na kushukuru kwa mapacha. Tunaitika amina kwa nguvu, na hakuna anayekwenda kununua nepi. Tunajuana. Nami nimemtembeza Kifaranga mle ndani mara nyingi — mpaka nimemkimbiza!

Lakini kazini hatujuani hivyo. Kule neno likisemwa limesemwa.

Nitawaambia. Au watasahau tu. Mambo ya saa ya chai.

Alhamisi, 6 Machi

Hawakusahau.

Kona kaja na neno. Ile hadithi yangu alimpelekea mkewe ili wacheke pamoja. Mkewe hakucheka. Alizima jiko, akakaa, akamwambia aisimulie upya toka mwanzo.

Ana uvimbe tumboni, huyo mama. Kona hakuwahi kuniambia. Miaka minne tunatazamana usoni siku nzima na hakuwahi! Amepangiwa kupasuliwa Ijumaa ya tarehe 14, humu humu hospitalini kwetu. Anaogopa kisu kuliko kaburi. Mama yake mzazi aliingia chumba cha upasuaji akiongea, akatoka amefunikwa.

Sasa anataka kujua tuliomba vipi. Na anasalimia sana.

Niandike ukweli: nilifurahi. Mtu mmoja! Hata foronya niliiangusha. Nikampa Kona Agano Jipya langu dogo ampelekee. Alilishika kwa vidole viwili kama amebeba panya, lakini alilichukua.

Jumapili, 9 Machi

Nimepiga simu nyumbani. Mke wangu alikuwa anafua, akampa Kifaranga simu.

Ameniuliza kama huku kuna paka. Nikamwambia wapo. Wanaongea lugha gani? Nikasema hiyo hiyo ya paka. Akafikiri kidogo. Halafu: baba, ukirudi utaweza kunibeba? Nimekuwa mzito. Mama siku hizi akinipeleka shule anapumzika mara mbili njiani.

Nikasema nitakubeba. Mimi kazi yangu ni kubeba.

Mabegani, baba?

Mabegani.

Akaanza kunionyesha jino jipya lililoota. Kwenye simu! Anasema, umeliona? Nikasema nimeliona. Salio likaisha.

Niliondoka ana mwaka mmoja na miezi miwili. Tulidhani anachelewa tu. Nina picha yake moja ukutani, inaishia kiunoni. Nilimwomba mke wangu anitumie hivyo. Sikumwambia kwa nini, naye hakuuliza.

Leo kwenye ibada nilipopewa nafasi ya kushukuru nilisema koo linaniuma.

Jumatatu, 10 Machi

Kona amekunja tangu asubuhi bila kelele. Saa nne hivi tulipokutanisha ncha za shuka akaniambia, taratibu, kama mtu anayetoa siri ya nyumba: mke wangu hapasuliwi.

Nikamwuliza, daktari amesema?

Daktari nani! Yeye mwenyewe. Anasema kama yule mtoto alisimama bila kisu, mimi kisu cha nini.

Nikashika lile shuka. Kona akaendelea. Anasema mkewe anaimba akiosha vyombo. Anasema, bwana wewe, nyumba yangu ilikuwa kama chumba cha maiti tangu mwaka jana, jana nimeingia nikadhani nimekosea mlango. Sijui huyo mtu wako ni nani, lakini amenirudishia mwanamke. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasingizia mvuke.

Halafu akakumbuka ametumwa. Mkewe anauliza: mtoto alianza na mguu gani?

Nikajibu wa kulia.

Mungu wangu. Nilijibu! Wala sikufikiri. Wa kulia, nikasema, halafu akashika meza.

Jumanne, 11 Machi

Baada ya kazi nilikwenda kwa fundi viatu. Nilimkuta na misumari mdomoni, anagonga soli. Nikamweleza yote.

Akasema nisimvunje moyo yule mama. Imani yake ni taa, nikimwambia mtoto hatembei nitakuwa nimeipuliza. Ningoje. Pengine Mungu ametumia mdomo wangu.

Nikamwambia, mzee, na akifa?

Akatema misumari yote mkononi kwanza, mmoja mmoja. Hilo, akasema, siyo lako.

Simchukii. Nilipofika mji huu sina mtu, ndiye aliyenilaza kwenye kibanda chake miezi miwili. Neno la Mungu nimelijua kwake, mimi niliyeishia darasa la tano. Lakini nimerudi kwa miguu kutoka kule na njia nzima nimekuwa nikisema: ni la nani basi? Kama siyo langu, la nani?

Jumatano, 12 Machi

Nilijaribu mara tatu.

Mara ya kwanza msimamizi akaingia, anataka mashuka ya wodi ya wazazi, upesi. Mara ya pili mashine ya kukamua ilianza. Mara ya tatu hakukuwa na sababu. Nilifungua mdomo, Kona akanitangulia. Akaniambia alfajiri ya leo amepiga magoti kando ya mkewe. Mara ya kwanza tangu utoto. Magoti yalilia kama mlango wa ghala, mkewe akacheka, wakacheka wote wawili, ndipo wakaomba. Alisema hivi akitazama pembeni, kama kijana anayekiri ana mchumba.

Kwa hiyo sasa ni wawili. Nilitaka mmoja, nimepewa wawili. Nikisema, nawapoteza wote, na Kona atarudi kunicheka hadi nizeeke. Nisiposema —

Nimempigia mke wangu. Nilidhani atanionea huruma. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: nani kakutuma umtembeze mwanangu kwa mdomo?

Nikasema ilikuwa kwa imani.

Akasema, imani yangu mimi iko mgongoni, nampandisha kilima kila asubuhi. Huyu mtoto ana kasoro gani hata umwonee haya? Ana akili, ana maneno, darasani ni wa pili. Wewe ndiye usiyemjua, baba fulani. Unamwombea mtoto mwingine.

Baba fulani! Hajawahi kuniita hivyo.

Halafu akalia, nami nikalia. Akasema: rudi. Hata kwa mwezi mmoja, rudi umwone. Kabla ya kukata akaongeza: na huyo mama mwambie. Ni mke wa mtu kama mimi.

Kesho mke wa Kona alikuwa alazwe. Kona anasema atakuja tu kuweka sahihi kwamba amekataa, maana daktari hakubali kuambiwa kwa salamu.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, ghorofa ya pili, nje ya wodi ya wanawake. Miaka sita nafua mashuka ya juu huku na leo ndiyo nimepanda ngazi kwa mara ya kwanza. Kuna madirisha! Ukisimama unaona mji wote na barabara inayotoka.

Nimemwambia Kona.

Ilikuwa saa saba na nusu. Tulikuwa na shuka kubwa, yeye kule, mimi huku. Nikasema: mwanangu hatembei. Akasema nini? Mashine. Nikasema tena. Akaweka mkono sikioni. Nikapiga kelele: HATEMBEI! Kifaranga hatembei, hajawahi kutembea, niliwadanganya!

Mama wa mashine ya kukamua akazima mashine. Wote wakasikia.

Kona hakuliachia shuka. Alinijia kama tunavyofanya siku zote, akachukua ncha zangu mikononi mwangu, akalimaliza peke yake. Akaliweka juu ya mengine. Akalinyoosha kwa kiganja, mara moja, mara mbili.

Wa kulia, akasema. Uliniambia wa kulia.

Nikasema ndiyo.

Na meza?

Hakuna meza.

Nilidhani atanipiga. Ningefurahi. Mama wa kukamua akasema, muache, Kona, angalau amesema. Kona akamjibu hajaulizwa. Akanishika mkono wa shati hapa juu, akanivuta hadi kwenye ngazi. Njiani hakuniangalia. Aliposimama kupumzika ndipo aliponiambia: mimi simwambii. Sikiliza vizuri. Mimi nimeishi na wimbo wake huu siku tano tu, siwezi kuuzima kwa mkono wangu. Wewe ndiye uliyempandisha mtini, wewe utamshusha.

Nikamwuliza, nawe? Utaniamini tena?

Akasema: usiniulize swali hilo leo, ndugu yangu. Leo nina mke.

Ndugu yangu, alisema. Sijui kama ni mazoea tu ya mdomo.

Muuguzi ametoka sasa hivi. Anasema daktari anaondoka saa tisa, na mama ana karatasi mbili mkononi, ya kukubali na ya kukataa, hajagusa hata moja kwa sababu anamsubiri mgeni. Mgeni gani, muuguzi anauliza. Ni wewe? Nikasema ni mimi. Akanitazama aproni, akatazama viatu vyangu vilivyolowa. Haya, una dakika ishirini na tano.

Kona ameingia kumwambia nimefika. Mlango haukufungwa vizuri. Nasikia kitanda kinalia, anajikalisha. Anaomba kitambaa chake cha kichwa. Anamwuliza Kona kama uso wake uko sawa. Sauti yake si ya mgonjwa. Ni sauti ya mtu wa kucheka. Nimeijua sauti ya mume wake miaka minne na hii sikuwahi kuijua, na nimeingia hadi jikoni kwake bila kuvua viatu.

Natafuta pa kuanzia. Nikianza na Yesu, itakuwa namkimbiza Kifaranga kwa mdomo tena. Nitaanza na mtoto. Ana miaka saba. Jino jipya. Darasani wa pili. Anatambaa, na mama yake anapumzika mara mbili kilimani. Halafu karatasi: shemeji, weka sahihi, mwache daktari afanye kazi yake. Halafu, kama bado atanitazama, lile nililobaki nalo. Kwamba naomba kila asubuhi na sijajibiwa, na kesho nitaomba tena. Hilo ni kweli. Nilipaswa kulisema siku ile ya chai, juu ya mabunda, wacheke wanavyotaka. Sikulitaja kwa sababu niliona ni dogo.

Saa nane na dakika thelathini na tano.

Namsikia anamwambia Kona: mbona unamweka shemeji nje kama mdai? Mwite. Na umwambie asiruke kitu, nataka kusikia yote kutoka mdomoni mwake.