Uyoga wa Mjohoro wa Baba

Mukendo, Musoma
12 Machi

Kaka Stanislausi,

Shikamoo. Sisi wazima, na ng'ombe wa mama kazaa dume. Nimerudi jana kutoka Butiama, nyumbani kwa mama.

Uliitazama picha ya mjohoro wa baba ukaniambia kwenye simu, "Sabina, uyoga ni uyoga tu, usiguse mti wa mzee." Kosa ni langu, nilipiga picha kwa juu. Kwa juu wote unafanana, wa kahawia, umejibandika kwenye gome kama rafu. Inabidi uugeuze.

Kwenye boksi nimekuwekea aina mbili. Ule mwembamba, unaokunjika kama ngozi, nimeutoa kwenye kuni. Ukwaruze chini kwa kucha, utabaki mweupe. Huo hula mti uliokwisha kufa, hauna neno. Ule mnene nimeubandua kwenye shina lenyewe, upande wa chumba cha mama. Ukwaruze nao, utageuka kahawia hapo hapo. Huo hula moyo wa mti ukiwa bado na majani mabichi. Nimeuona kwenye mijohoro mitatu ya jirani, na yote ilianguka siku isiyo na upepo.

Mama anasema, "Mume wangu ndiye aliyeupanda, hawezi kuniangushia." Baba nilimjua. Alikuwaga anasahau mambo.

Gibson wa Bunda anakwenda kuukata Jumamosi kwa msumeno wa mashine. Ruhusa sikuombi, nakuarifu. Mama nimeshamhamishia kwangu. Amekubali kwa sharti moja, kwamba kisiki kiachwe kirefu kiasi cha kukalia.

Mdogo wako mbishi,
Sabina