Nilishuhudia Uponyaji Ambao Haujafika

Mama Akidi, nisaidie, mimi msomaji wako ninayeishi kambi ya polisi, maji yamezidi unga na sina wa kumwambia, maana mume wangu Oyet amepangiwa kazi Karamoja na kila akipiga simu namwambia sote wazima. Binti yetu Ayaa ana miaka kumi na mmoja na ana kifafa tangu utotoni, alikuwa akinywa vidonge kutoka hospitali ya Mulago na kilikuwa kimetulia, kinamwangusha mara moja moja tu, lakini akianguka shuleni wenzake wanamkimbia na mwalimu ananiita nimchukue, moyo wangu ukachoka, ndipo jirani akanipeleka kanisani kwao, kwenye bohari la zamani upande wa viwanda, Bugolobi.

Nisikudanganye, kanisa lile nililipenda, watu walimlilia mwanangu kama wao ndio waliomzaa, na kwetu pale kuna desturi, hungoji muujiza ndipo ushuhudie, unashuhudia kwanza kwa imani kana kwamba jambo limeshatendeka. Mchungaji akaniambia, "Mama Ayaa, wewe shuhudia tu, uponyaji itafuata nyuma. Dawa na imani haiwezi kulala kitanda moja." Nikapanda jukwaani, nikashika maiki, nikasema mwanangu amepona na vidonge nimevitupa, na wala sikuwa nimevitupa, nilivitupa niliporudi nyumbani ili nisiwe mwongo. Watu walilia, wakaruka, wakanirekodi, na hadi leo sauti yangu inapigwa kwenye spika kila Jumapili kabla ya mahubiri, nami nimepewa kiti cha mbele.

Mama Akidi, kifafa kimerudi kwa hasira. Akianguka nafunga mlango na kupandisha redio ili majirani wasisikie, kwa kuwa wengi tunasali pamoja, nikajiambia siri ni yangu na msalaba ni wangu. Kumbe kuna mama Mkongo, Pélagie, muuza vitenge, mwanawe Aristide ana ugonjwa huu huu, alisikia ushuhuda wangu naye akatupa vidonge vya mwanawe, na juzi kijana akaangukia sigiri yenye moto, mkono na shavu vikaungua, amelazwa. Nilikwenda kumwona, Pélagie akanikumbatia akaniuliza, "Dada, ulisalaka maombi namna gani ile siku? Unifundishe, pengine ni miye nilikosa." Nikashindwa kusema kweli. Nikamwambia aongeze kufunga.

Jana Ayaa alihisi kinakuja, akakimbia mwenyewe kufunga mlango, akasema, "Mama, weka redio, watu isijue Mungu ameshindwa," kisha akaanguka. Nikimrudishia dawa naona nimemkana Mungu, nisipomrudishia namuua, na nikisali naona naongea na ukuta. Nifanyeje?

Mama Ayaa, kambini

MAMA AKIDI ANAJIBU:

Mama Ayaa, barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikatoka kwenda kuchota maji ambayo hata sikuyahitaji. Nakuonea huruma na pia nimekukasirikia, kwa hiyo vumilia.

Mimi pia nasali. Nilimwombea mtu wangu apone na akafia mikononi mwangu, sijui kwa nini, na wanaosema wanajua siwaamini. Kwa hiyo sitakuahidi muujiza, wala sikucheki kwa kuutafuta. Lakini ulichofanya jukwaani si imani. Tangu lini mtu akamjibia Mungu? Mchungaji wako ana kesi yake, tena kubwa kuliko yako. Ila aliyemwambia Pélagie aongeze kufunga, huku mtoto ameungua, si mchungaji. Ni wewe.

Eti vidonge ni kumkana Mungu! Mama, unaombea chakula ukishakipika, au unakaa na sufuria tupu ukingoja ijae? Kesho asubuhi mpeleke Ayaa kliniki, waambie wazi kwamba aliacha dawa, wao ndio waseme aanze vipi, usimpe kwa kukisia. Akianguka mlaze ubavu, ondoa moto na vitu vya ncha, usimtie kijiko wala chochote mdomoni, na kifafa kisipokoma upesi au kikifuatana, usingoje kesho, mkimbize hospitali. Mpigie Oyet. Akifoka, afoke, ni baba.

Halafu Pélagie. Usitume mtu. Nenda wodini umwambie kwa kinywa chako: hukukosea, Ayaa hakupona, nilidanganya. Huenda akakusamehe, huenda akakufukuza, na kovu la Aristide litabaki palepale. Nenda hivyo hivyo. Jumapili omba maiki ile ile, na wakikunyima simama ulipo useme, sauti unayo. Huko nyuma kuna mama mwingine mwenye vidonge mkobani, anakusikiliza wewe ndipo aamue kuvitupa. Kiti cha mbele utakikosa. Kikose.

Amebaki Ayaa. Mtoto mdogo umemwachia kazi ya kumfichia Mungu aibu! Mtue mzigo huo leo, hata kabla ya kliniki. Mwambie Mungu hakushindwa, ni mama aliyeogopa. Na kifafa kikija tena, maana hata mwenye dawa kinaweza kumjia, zima hiyo redio, fungua mlango, uite majirani.