Riale Nyeusi ya Mama

Baba Mkubwa,

Shikamoo sikuandikii. Nilikupa zote ulipokuwa hai, hata zile ulizoziitikia huku ukimtazama mama yangu kama mwizi.

Tumekuzika Kilosa, jirani na Bibi. Watu walikuwa wengi. Mchungaji alisema ulikuwa mtu mkweli. Sikulia. Nilisimama nyuma nikisubiri sentensi hiyo iishe.

Sasa taarifa. Baada ya mazishi, binti yako Rehema alinipa riale yako, nami nikaichukua ya mama kutoka Mikumi. Ni zile mbili ambazo Bibi aliwagawia wanawe wa kiume, moja wewe, moja marehemu baba. Nilizipeleka Dar es Salaam kwa mzee anayenunua na kuuza sarafu za kale, bila kumwambia ipi ni ya nani. Bibi aliziita riale za mzinga, kwa sababu zile nguzo mbili zilizochorwa nyuma aliziona kama mizinga. Mzee alinieleza kuwa ni fedha ya Wahispania, iliyopigwa kwenye makoloni yao ya Amerika. Biashara ikaileta pwani, misafara ikaipandisha bara.

Alizipima kwenye mizani. Zote zilikaribia gramu ishirini na saba, yako ikiwa pungufu kidogo. Sumaku haikuzishika. Akazizungusha taratibu akitazama ukingo: duara, mraba, duara, mraba, hadi mwisho. Wanaotengeneza bandia, alisema, wengi hukosea hapo. Zote mbili ni halisi.

Kisha akaiweka yako chini ya lenzi, akacheka.

"Nani kamnyoa huyu mfalme?"

Nywele za mfalme aliyechorwa upande wa mbele zimefutika. Shavu limekuwa bapa. Mikwaruzo myembamba imejaa uso mzima. "Hii imesuguliwa mpaka imekufa," akasema. "Imebaki na thamani ya uzito wake tu." Ya mama aliishika kwa vidole viwili, kingoni. "Hii weusi wake ndio ngozi yake. Asiiguse mtu na kitambaa."

Unakumbuka sendoff ya Rehema? Mimi nakumbuka. Kwetu, binti hatoki nyumbani kuolewa kabla hajashika riale zote mbili, moja kila kiganja. Yako ilikuwa nyeupe kama sahani mpya. Kila Krismasi ulikaa barazani na majivu, limau na stilwaya, ukiisugua kama ulivyosugua shaba kwenye karakana ya reli. "Fedha ni ya kung'aa," ulituambia sisi watoto. "Isiyong'aa si fedha." Mama alifungua pindo la kanga akatoa ya baba, nyeusi tii. Ukaipokea, ukainyanyua juu mbele ya wakwe.

"Shemeji, hili ni bati la paa la nani? Ile ya mama yetu umewauzia Wazungu wa Mikumi?"

Watu walicheka. Ulijua kuchekesha, hilo sikunyimi. Tangu siku hiyo mama akiingia kwenye shughuli, mashangazi husogeza mikoba yao. Kwenye vikao vya ukoo hakuitwa tena. Jina lake likawa "yule aliyeuza riale." Alikuwa mjane, hana wa kumsemea, na wewe ndiye uliyekuwa umebaki mkubwa wa nyumba.

Kama ungekuwa umekosea tu, ningeyaacha. Mtu aliyezoea kung'arisha vyuma vya reli anaweza kudhani kila cheusi ni uchafu au uongo. Lakini Rehema amesema. Baada ya harusi yake mlikwenda Morogoro, wewe na yeye, kuuza riale yako upate kuezeka nyumba. Mnunuzi akakuambia maneno yale yale: imeharibiwa kwa kusuguliwa, afadhali ingeachwa nyeusi. Ukamuuliza, nyeusi inaweza kuwa halisi? Akajibu, mzee, hiyo ndiyo tunayoitafuta. Mkarudi na basi. Njiani ukamwambia mwanao, "Haya yaishie hapa hapa. Siwezi kurudi nyuma mbele ya wanawake."

Ukaishi miaka mingine baada ya hapo. Ukala Krismasi nyingine. Mama alikuletea mchele kutoka Kilangali ulipoanza kuumwa, ukaupokea, ukamwita shemeji, ukanyamaza.

Nilirudi Mikumi, nikamkuta mama kibandani kwake kando ya barabara kuu, akiwapikia madereva wa malori. Nilimweleza yote, kuanzia mizani hadi basi. Aliuliza neno moja.

"Alijua?"

Nikasema, alijua. Akazima jiko, na wateja wamekaa. Akavua aproni, akaikunja, akaifungua, akaikunja tena. Nilidhani ataniambia nikuache, kwa kuwa umekufa. Hapana.

"Kaseme kwenye arobaini," alisema. "Ila usifoke. Sema kama unavyosoma taarifa ya habari."

Kazini kwetu, kwenye chumba cha habari, anayetuhumiwa hupewa nafasi ya kujibu. Yako uliipata ndani ya lile basi, shahidi akiwa ameketi ubavuni kwako.

Kwenye shada wameandika upumzike kwa amani. Mimi naishia kwenye neno la kwanza. Pumzika. Kwaheri, Baba Mkubwa. Siku ya arobaini wakimaliza kukusifu, nitasimama, nitamwita mama aje akae mbele, kisha nitaeleza kila kitu kwa sauti ya kawaida. Nakuahidi sitakaa chini mpaka dada zako wote wameinuka na kumwomba radhi.

Mtoto wa shemeji yako