Pamba Uliyoniwekea Jinoni

Mpendwa bibi,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, na wewe ulizikwa bila kulijua. Siku ile Bariadi, daktari wa meno hakutufukuza. Ni mimi.

Nilikuwa darasa la tano, jino la karibu na chonge limetoboka. Asubuhi ulinyofoa pamba kwenye gunia la mavuno yetu, ukaichovya kwenye mafuta ya karafuu, ukaisokomeza kwenye tundu. "Tulia wewe. Hata ndama hapigi kelele hivyo." Tukapanda basi toka Lagangabilili. Ilikuwa safari ya tatu. Ya kwanza daktari yupo semina, ya pili dawa ya ganzi imekwisha. Na daktari ni huyo huyo mmoja.

Mara hii tulimkuta. Ulimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," akajibu, "Shikamoo mama," macho yapo kwenye benchi lililojaa watoto wenye mashavu yaliyovimba. Ukaenda chooni. Akaanza kuchagua.

"Wanaoumwa sasa hivi wabaki. Wewe, linauma?"

Ndani kuna mtoto analia. Pamba yako ilikuwa imelituliza jino, bibi. Nikasema, "Haliumi."

"Basi rudi mwezi ujao."

Ulimtukana mpaka nyumbani. "Kitoto kile! Kinachagua watu kama kinanunua nyanya!" Basi zima likacheka. Na mimi nikacheka, mkono mdomoni. Mwezi ujao ukawa wa palizi, kisha ukaugua wewe.

Sasa nipo kidato cha tatu, mkono bado upo mdomoni. Wanasema mimi mpole. Mwalimu wa Kiingereza anataka tukitamka "th" ulimi uonekane kati ya meno, darasa zima linaningoja, nami namumunya maneno kama nina uji mdomoni. Kiswahili angalau nakisema midomo ikiwa nusu wazi.

Mwezi uliopita daktari alikuja shuleni. Yule yule, ana mvi. Shule nzima, tochi moja. "Hili lingezibwa zamani," akaniambia. "La jirani yake bado linaokoleka, ila usichelewe." Akanipa karatasi ya kwenda hospitali. Nimeenda peke yangu mara mbili. "Daktari hayupo, yupo mashuleni." Bibi, karatasi yake inanituma kwake, na yeye yupo kwa watoto wengine anaandika karatasi!

Miaka mitano nimejichukia kwa neno moja. Lakini mtoto akiogopa mara moja tu, ndiyo basi?

Anatakiwa mtu mzima akae pale bila kukubali "rudi". Mimi nikiambiwa rudi, narudi. Na baba akiuliza, "Lile jino bado linauma?" namjibu neno lile lile: "Haliumi."

Pumzika, bibi. Na yule daktari usimtukane tena, yupo peke yake.

Nasikia kandambili za baba zinakuja mlangoni. Siku zote ningeisukuma karatasi hii chini ya daftari. Leo naiacha mezani, na naandika kwa herufi kubwa asome hata akiwa amesimama: BABA, LINAUMA.

Mjukuu wako