Samaki Wako wa Gatamaiyu, Baba

Baba yangu mpendwa,

Nimeketi hapa mezani kwangu Muthangari, mvua imenifungia ndani, na leo sikwepi tena. Nilikudanganya. Yule samaki wako mkubwa wa mto Gatamaiyu, yule uliyemhadithia kila mtu mtaani River Road kwamba ulimrudisha majini akaenda zake, hakwenda popote. Alikufa. Nilijua siku ileile, nikanyamaza mpaka tukakuzika. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu wewe uliisimulia hadithi hiyo mbele ya watu, nami nikiwa kando yako naitikia kwa kichwa.

Wanaosoma hawakujui, wacha niwaambie. Ulikuwa fundi wa kufunga nzi. Si nzi wa chooni, jamani. Nzi bandia, manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwa uzi mwembamba juu ya ndoana ndogo, ili samaki aitwaye trauti adhani ni mdudu aliyeanguka mtoni. Mlikuwa mafundi sita kwenye chumba kimoja cha River Road, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabomba, kila mtu na jiliwa lake la kubania ndoana. Nzi wenu walienda ng'ambo kwa maboksi. Mkamba wa Mwingi, kwenye mito ya mchanga mtupu, anawatengenezea chakula cha uongo samaki ambao hajawahi kuwaona! Mama alikuwa akikucheka: "Mume wangu huyu anawapikia wageni asiowajua."

Lakini ulikuwa na jeuri ya fundi, na hiyo jeuri nimeirithi yote. Ulisema mnunuzi anapenda nzi mnono na samaki anapenda nzi mkondefu. Wale wa kuuza uliwavisha manyoya mpaka wakawa kama bwana harusi. Wale wako mwenyewe uliwang'oa nusu ya manyoya kwa meno, ukakibana kwa koleo kile kijino cha ndoana kinachozuia isitoke, ukapitisha kidole kuhakikisha pamelala. "Ameingia kwa mdomo wake," uliniambia, "basi na atoke bila kuuacha kwangu."

Kurusha ndoana kwa fimbo ya kuvulia ulinifundisha juu ya paa la jengo lile, saa ya chakula cha mchana, katikati ya kamba za nguo. Aibu niliyoipata! Niliirusha fimbo nyuma na mbele kama mtu anayefukuza nyuki, ndoana ikanasa shuka la mama wa ghorofa ya nne. Ulicheka mpaka ukaketi juu ya tangi la maji. Kisha ukanishika kifundo cha mkono.

"Unaharakia wapi, Mwaitu?" Uliniita Mwaitu, yaani "mama yangu" kwa Kikamba, kwa kuwa nina jina la mama yako. "Uzi bado uko safarini kwenda nyuma, na wewe ushaanza kwenda mbele. Peleka fimbo nyuma, simama kabisa, ngoja uzi ulale wote angani. Ukihisi umekuvuta kidogo, ndiyo sasa nenda."

Kusimama ndiko kulikonishinda kwa miezi. Sasa ndiko ninakofundisha wengine. Kila Jumamosi nina watu kumi na wawili kwenye uwanja wa nyasi kule Kitisuru, mabosi na wastaafu, wote wana fimbo za maana na wote wana haraka. Nawasimamisha bila huruma. Mimi ni mwalimu mzuri, Baba, nalisema bila kuona haya, na wewe ungekuwa wa kwanza kulisema.

Sasa tufike pale.

Ulipostaafu nilikununulia fimbo. Nilitaka ushangae, kwa hiyo nilichagua ile nyepesi kuliko zote dukani, laini kama bua la mtama, nikafunga kwenye ncha ya uzi kile kipande cha mwisho, chembamba kama unywele. Uliishika, ukaipima mkononi, ukaupitisha uzi kati ya vidole.

"Ni nzuri," ulisema. "Lakini uzi huu ni wa kujionyesha. Samaki mkubwa hutaweza kumleta upesi. Utamchosha."

"Baba, hii ndiyo ya kisasa."

"Haya. Wewe ndiye umesoma."

Hukubisha tena, na laiti ungebisha. Tulikwenda Gatamaiyu asubuhi ya baridi, ukungu umekaa juu ya mianzi, nawe umevaa koti lako la kanisani eti unaenda kukutana na wateja. Ulirusha mara nne. Ya tano nzi alitua kama hajatupwa na mtu, maji yakafumuka, fimbo ikapinda. "Mwaitu! Mwaitu! Ni yeye!" Sijawahi kukusikia ukipiga kelele namna ile, hata siku nilipofaulu mtihani.

Na ikawa kama ulivyosema. Uzi ulikuwa mwembamba, ukaogopa kuuvuta usije ukakatika. Samaki alikwenda, akarudi, akajificha kwenye mizizi, akatoka. Tulikaa naye muda mrefu mno. Alipofika kwenye wavu hakuwa akipigana tena, alikuwa amelala ubavu. Ulilowesha mikono kwanza, kama kawaida yako, usimchubue ule utelezi wa ngozi. Ndoana ilitoka yenyewe. Ulikuwa na sheria yako tangu zamani: samaki mzima anarudi, anayetoka damu au asiyejiweza tunakwenda naye nyumbani, ingawa mkononi mwako hajawahi kutokea wa hivyo.

Nami nikasema, "Mwinue, Baba, nikupige picha."

Ulimwinua. Nikapiga. Jua lilikuwa nyuma yako, uso ukatoka mweusi. "Geuka huku." Ukageuka. Ulisema, "Huyu anataka maji." Nikasema, "Ngoja, moja tena." Baba, nilisema "moja tena" mara tatu.

Ulipiga magoti ukamshika akiutazama mkondo, maji yampite midomoni apate pumzi. Nilikuona unavyokunja uso kwa yale magoti, nikakwambia wacha nimalizie, nenda ukanywe chai. Ulipanda ukingoni. Nilimshika, nikangoja, nikamwachia. Aligeuka tumbo juu. Nikamshika tena, akageuka tena. Mkondo ukampeleka kwenye mawe, nikamsukuma kwa mguu chini ya gogo usije ukamwona. Halafu nikapaza sauti: "Ameenda!"

Ukapiga makofi na kikombe cha chai mkononi, chai ikakumwagikia koti.

Ningekwambiaje baada ya hapo? Ulikuwa umefurahi mno. Ulihadithia njia nzima. Hata hospitalini, umebaki mifupa na macho, ulimwambia muuguzi kwamba kuna samaki anakuja kuwa mkubwa kama mbwa kule Gatamaiyu, na ni wewe uliyemwachia. Picha ile tuliiweka kwenye ukurasa wa mbele wa ratiba ya mazishi yako.

Mwezi uliopita wanafunzi wangu walitaka bango la safari yetu ya mtoni. Waliichagua picha hiyohiyo, na chini yake waandike: "Mrudishe akiwa hai." Nilikwenda nayo River Road kuchapisha. Mchapishaji akaikuza kwenye kompyuta mpaka ukajaa kioo kizima, akaniuliza, "Madam, nipige sasa?" Nilikuona umetabasamu vile, na kile kinywa cha samaki kimeachama. Nikamwambia asubiri. Nilitoka nje, nikasimama kati ya mikokoteni, nikalia, watu wakanipita kama kawaida ya mtaa ule.

Jumamosi niliwakusanya kabla hawajagusa fimbo, nikawaambia yote. Kwamba samaki wa picha alikufa, na aliyemuua ni mimi, kwa uzi wa maringo na picha tatu za ziada. Niliwaambia kuanzia siku hiyo kwangu hakuna uzi mwembamba kuliko ninavyosema mimi, na anayetaka picha ataipiga samaki akiwa ndani ya maji. Mmoja alinung'unika. Nilimwambia uwanja una mlango. Nikadhani nimemaliza.

Ndipo akanyoosha mkono Bi Salma, mama mmoja mtu wa Lamu mwenye duka la vitambaa mjini, mwanafunzi wangu mkaidi kuliko wote.

"Pole, mwalimu. Na huyo samaki mlimla?"

"Hapana, Bi Salma. Nilimficha."

"Aka! Kufa si ajabu, samaki hufa. Mbona hukumpa mzee samaki wake akala?"

Amesema kweli, Baba. Maana ningekuita tu pale ukingoni, ungeshuka pole pole na magoti yako, ungemtazama, ungesema, "Basi huyu ni wa nyumbani." Mama angemkaanga kwa kitunguu na ndimu. Miaka ishirini na mitano uliwafungia nzi, Baba, na ukaondoka duniani hujui trauti ana ladha gani. Ulimpata mmoja, wako wa haki, na mimi nikamsukuma chini ya gogo kwa mguu.

Nisamehe hilo. Hayo mengine nitayarekebisha mwenyewe.

Lala salama, Baba.

Ni mimi binti yako,
Mwaitu